Swords of Sorrow ya Dynamite: inasomeka bila kuwajua wadada wote waliomo?

dada_paneli
Habarini wadau. Naombeni msaada kwa mnaofuatilia komiki za kampuni ya Dynamite. Mimi Red Sonja, yule mdada wa panga, nilimjua kupitia ile muvi ya 1985 aliyocheza Brigitte Nielsen, kaka yangu alikuwa na mkanda wake nyumbani, halafu ukubwani nikaja kusoma Red Sonja ya Gail Simone ile iliyoanza 2013 nikaipenda kinoma. Sonja wa mle ananuka jasho, analewa, anakula kama katoka kufunga mwezi mzima na bado watu wanakatwa vichwa, sio yule mdada wa kwenye bango tu.

Sasa kila nikiuliza nisome nini baada ya hapo naambiwa Swords of Sorrow, ya 2015, mwandishi huyohuyo. Nikaangalia waliomo nikachoka. Sonja, Vampirella, Dejah Thoris, Lady Zorro, Kato, Miss Fury, Jungle Girl, Jane wa Tarzan, Irene Adler wa kwenye Sherlock Holmes, Jennifer Blood, Purgatori, na wengine hata sijui wametokea stori gani. Halafu sio kitabu kimoja, kuna stori kuu na vistori vya pembeni kibao. Hivi mtu anayemjua Sonja na nusu ya Vampirella anaweza kuingia hapo akaelewa? Nianzie wapi? Na kwa nini wamewakusanya hawa na sio wengine, maana Wonder Woman simuoni, Lara Croft simuoni.

---

mzee_wa_vibonzo
Karibu dada. Usiogope orodha, stori yenyewe ni nyepesi kuliko inavyoonekana kwenye kava.

Iko hivi. Kuna adui anaitwa the Prince, anataka dunia zote ziwe zake, na dunia hapa maana yake zama na sayari tofauti tofauti, Mars ya Dejah Thoris, California ya Lady Zorro, zama za kale za Sonja, mji wa leo wa Vampirella. Mipaka kati ya hizo dunia inaanza kubomoka. Upande wa pili kuna mwanamke anaitwa the Traveller, huyu anamtuma binti mmoja azunguke kugawa mapanga meusi kwa wadada aliowachagua, kila mmoja kwenye zama zake. Basi unamkuta mtu yuko kwenye ugomvi wake wa kawaida, mara anatokea binti asiyemjua anamkabidhi panga na kusepa. Halafu wanaanza kuangukiana kwenye dunia za wenzao, na kama ilivyo desturi ya krosova (stori zinazokutanisha wahusika wa komiki tofauti) zote duniani, wakikutana kwanza wanatwangana, ndo baadaye wanaulizana majina.

Kwa hiyo swali lako la kuelewa, ndiyo utaelewa, maana hata wao kwa wao hawajuani. Sonja hamjui Kato ni nani, na wewe humjui, mnajifunza pamoja.

Kuhusu kwa nini hawa na sio wengine, jibu ni haki miliki tu hakuna siri. Wonder Woman ni wa kampuni ya DC, na Lara Croft kipindi hicho komiki zake zilikuwa zinatolewa na Dark Horse. Dynamite wao tangu walipoanza 2004 biashara yao kubwa ni kukusanya wahusika wa zamani, wengine wananunua moja kwa moja, wengine wanakodi, wengine wameshaachwa huru na sheria anawachukua yeyote. Vampirella walimnunua 2010 toka kampuni ya Harris. Sonja, Zorro na Green Hornet ni vibali vya wenyewe. Masquerade, naye yumo, ni Miss Masque wa 1946, haki zilishakwisha wakamfufua. Irene Adler katoka kwenye hadithi ya Conan Doyle ya 1891, na 2014 mahakama ya rufaa Marekani ikasema wazi kwamba zile hadithi za zamani za Holmes ni za umma, warithi hawawezi kudai hela.

Dejah Thoris ndo ana kesi tamu zaidi. Kitabu chake cha kwanza cha Mars kilitoka kwa vipande kwenye gazeti mwaka 1912 kwa hiyo Marekani kilishakuwa huru, Dynamite wakaanza kuchapa bila kuomba ruhusa, kampuni ya familia ya mwandishi wake, Burroughs, ikawapeleka mahakamani 2012 kwa kutumia alama ya biashara badala ya hakimiliki, wakavutana wee mpaka 2014 wakaelewana na kupeana kibali. Mwaka unaofuata ndo krosova inatoka, Dejah yupo mbele kabisa na Jane wa Tarzan naye ndani. Ugomvi ungeendelea sidhani kama tungewaona hawa wawili.

Na wale wa kampuni ya zamani ya Chaos! kina Purgatori na Chastity walinunuliwa pia, ila utaona Lady Death hayupo ingawa ndo alikuwa staa wao. Chaos! walifilisika 2002, Lady Death akauzwa peke yake kwa kampuni nyingine, familia ikatawanyika hivyo.

---

kipanga_mweusi
Mzee kaeleza vizuri ila mimi nitasema kitu ambacho mashabiki hawapendi kusikia. Stori kuu haitoshi. Matoleo 6 tu kwa wadada zaidi ya 15, hesabu mwenyewe kila mmoja anapata kurasa ngapi. Mtu anaingia, anasema sentensi moja ya kijanja, anapiga teke moja, mwingine anaingia. Ukifika toleo la nne unajikuta unaangalia rangi ya nguo ili ujue nani anaongea. Na adui mwenyewe hana sura wala sababu inayoeleweka, anataka dunia zote, sawa, za nini?

Kwenye muvi zetu tulizokua nazo steringi ni mmoja, unajua kabisa huyu hafi. Hapa wote ni steringi kwa hiyo hakuna steringi. Hakuna hata unayemuogopea.

Mwaka huohuo, tena mwezi huohuo wa tano 2015, Marvel walitoa A-Force, nayo ya wanawake watupu, She-Hulk, Medusa, Dazzler, Nico Minoru, wanaishi kisiwani kwao Arcadia. Ile ilikuwa na uwanja mmoja na timu inayojuana, ugomvi unatoka ndani. Kama unataka wadada wengi kwenye stori moja soma ile kwanza.

---

mzee_wa_vibonzo
@kipanga_mweusi A-Force nzuri sikatai, ila unajua walioiandika ni nani? G. Willow Wilson na Marguerite Bennett. Na hao hao wote wawili wameandika vistori vya pembeni vya Swords of Sorrow. Kwa hiyo unawasifia watu walewale unaowaponda.

Na hilo ndo watu wanalisahau. Simone hakuandika peke yake, aliitisha waandishi wanawake watupu, kila mmoja akapewa wadada wawili akaambiwa haya wakutanishe. Nancy Collins kapewa Vampirella na Jennifer Blood, Leah Moore Irene Adler na Dejah Thoris, Bennett Red Sonja na Jungle Girl, Mikki Kendall Miss Fury na Lady Rawhide, Emma Beeby Pantha na Jane, Erica Schultz Black Sparrow na Lady Zorro, halafu Schultz akashirikiana na Wilson kwa Masquerade na Kato, na Mairghread Scott akachukua wale wa Chaos!. Kwa wasiomjua, Simone ndo yule aliyeanzisha mwaka 1999 ule ukurasa wa Women in Refrigerators, orodha ya wanawake wa kwenye komiki waliouawa au kuumizwa ili tu mwanaume apate hasira za kwenda kulipiza. Miaka 16 baadaye anapewa krosova nzima. Ukilisoma ukiwa unajua hilo unaona kwa nini humo ndani hakuna mdada anayemsubiri mtu aje kumuokoa.

---

kipanga_mweusi
Sawa mzee, nia nimeielewa. Ila nia haijazi kurasa. Hata huyo Simone mwenyewe kwenye komiki yake ya Birds of Prey alikuwa na watu watatu wanne tu ndo maana ilinoga.

---

dada_paneli
Asanteni sana, nimeshaanza kuelewa. @mzee kumbe kila kistori cha pembeni ni cha watu wawili, hiyo mimi inanivutia kuliko ile kubwa.

Swali jingine, samahani kama linakera. Timu nzima ya waandishi ni wanawake, mwandishi mkuu ndo huyo wa orodha ya mafriji, halafu kava za mbele zote vifua na mapaja. Mimi nasoma kwenye simu nikiwa kwenye daladala, jirani akichungulia anadhani naangalia mambo mengine kabisa. Hiyo imekaaje?

---

wino_na_brashi
Hapo umegusa kazi yangu maana mimi nachora. Kava kuu alichora J. Scott Campbell, mtindo wake unajulikana miaka yote, miguu mirefu kama twiga na viuno havipo. Ndani mchoraji wa stori kuu ni Sergio Dávila na ukifungua utaona tofauti, wadada wana misuli na wanasimama kama watu wenye uti wa mgongo. Kava kazi yake ni kumvuta anayepita dukani, kilichomo ndani ni mkataba mwingine. Sisemi ni sawa, nasema ndo biashara ilivyo.

Ila kuhusu nguo zenyewe kuna historia wengi hawaijui. Red Sonja alipotokea mara ya kwanza 1973, Conan the Barbarian namba 23, Roy Thomas kaandika Barry Windsor-Smith kachora, alikuwa kavaa shati la minyororo la mikono mirefu na kaptula nyekundu. Kavaa vizuri tu. Ile chupi ya chuma ilikuja mwaka mmoja baadaye, Mhispania Esteban Maroto alijichorea mwenyewe picha akaipeleka, Marvel, ndo waliokuwa wanamchapa Sonja enzi hizo, wakaipenda, ikawa ndo vazi lake.

Vampirella ndo utashangaa, lile vazi jekundu lilibuniwa na mwanamke, Trina Robbins, 1969. Mchoraji Frazetta alikuwa anachora kava la kwanza na Trina akamwelekeza vazi liweje. Baadaye alikuwa analalamika kwamba alilobuni yeye halikuwa vile, wachoraji waliofuata walizidi kulipunguza kitambaa kila mwaka.

Sasa njoo kwa Miss Fury, huyu ndo nampenda kuliko wote humo. Aliyemuumba anaitwa Tarpé Mills, jina lake la mbele ni June ila alilificha ili wahariri na wasomaji wasijue ni mwanamke. Akaanza kutoka kwenye magazeti ya Jumapili mwezi wa nne 1941, yaani miezi kadhaa kabla Wonder Woman hajazaliwa. Miss Fury anavaa ngozi ya chui mweusi kuanzia kisogoni mpaka unyayoni, hakuna hata sentimita ya kifua. Lakini Mills alikuwa binti wa mitindo, akiwachora wahusika wake wakiwa na nguo za kawaida wanabadilisha magauni, viatu, nywele, kila kitu cha wakati ule, na mwaka 1947 alimvalisha mhusika mmoja mcheza shoo nguo ndogo sana, magazeti 37 yakaifuta katuni yake. 37! Kwa picha ya siku moja. Kwa hiyo mwaka 1947 mwanamke anachora mwanamke kwenye nguo ndogo anafutwa magazetini, 1974 mwanaume anachora hivyohivyo inakuwa nembo ya kampuni.

Na kingine, baada ya krosova hii, mwishoni mwa 2015 Dynamite walitangaza Sonja, Vampirella na Dejah wanapewa nguo mpya, zimebuniwa na Nicola Scott, mwanamke wa Australia aliyechora sana Wonder Woman. Nguo za mtu anayetegemea kupigana kweli. Zikatumika kwenye matoleo mapya ya 2016. Hazikudumu sana.

---

mtu_wa_pwani
Wadau mnaongelea nguo za Dejah Thoris kama vile kapunguziwa, someni kitabu cha Burroughs, Mars nzima hawavai nguo! Wanavaa vito na mikanda ya silaha basi. Yaani wachoraji wa komiki ndo walimuongezea. Na hao watu wa Mars hawazai wanataga, Dejah na mumewe John Carter mwisho wa kitabu wanasubiri yai lao lianguliwe 😂😂 mwanamke anataga na bado wachoraji wamempa kifua kile sijui anamnyonyesha nani

---

wino_na_brashi
😂😂😂 nimeacha brashi

---

kipanga_mweusi
Hilo la yai ningelipata kwenye stori kuu ningeipa nyota tano.

---

bibi_komiki
Mmemchekesha dada wa watu hajajibiwa aanzie wapi. Mwanangu @dada_paneli sikiliza, usisome kwa mpangilio waliochapa. Ukifuata tarehe za kutoka, unaruka toka Mars kwenda London kwenda porini kila baada ya kurasa ishirini, utatupa simu.

Soma stori kuu toleo la 1 peke yake, ujue mapanga yanatoka wapi na nani adui. Basi acha hapo. Halafu chukua Red Sonja na Jungle Girl kwa sababu Sonja unamjua tayari, na mwandishi ni Bennett ambaye baadaye ndo alikabidhiwa Sonja wa 2016. Michoro ya Mirka Andolfo imechangamka sana, sura zinaongea. Ile ni wanawake wawili wa porini, mmoja wa panga mmoja wa mkuki anayeishi na dainosaria, kila mmoja anadhani yeye ndo mbabe wa eneo. Ukimaliza nenda Irene Adler na Dejah Thoris, hapo ndo utamu ulipo, maana mmoja silaha yake ni akili na mwingine ni binti wa mfalme aliyezoea watu wamtii. Hao wawili hawafanani hata kidogo, na kwa jicho langu krosova ya maana ni ya watu wasiofanana wanaolazimika kukaa chumba kimoja. Ukijaza kumi na tano hakuna tena wa kumsikiliza mwenzake, hapo nakubaliana na kipanga.

Vampirella na Jennifer Blood iweke kiporo kama hupendi damu. Jennifer Blood aliumbwa na Garth Ennis 2011, mchana mama wa nyumbani anawapikia watoto, usiku anaua majambazi wa ukoo wake, utani wake ni mweusi tii. Collins kaandika riwaya za mavampaya muda mrefu kwa hiyo Vampirella yuko mikono salama. Za Chaos! ruka kabisa, hutapungukiwa.

Ukishamaliza hivyo viwili vitatu ndo urudi stori kuu kuanzia namba 2. Utaona mambo mawili matatu yanakaa sawa kwa sababu wale waliokuwa nguo tu sasa unawajua sauti.

---

dada_paneli
Shikamoo bibi 🙏 hii ndo nilikuwa natafuta. Na Jane je, nimeona yupo na Pantha, inafaa?

---

bibi_komiki
Marahaba. Jane na Pantha inasomeka, Pantha ni dada wa Misri anayegeuka chui, asili yake ni enzi za kina Vampirella kule kampuni ya zamani ya Warren. Sio mbaya.

Ila Jane kwetu ana utani wake. Kwenye vitabu vya Tarzan wanapooana wanakuja kuishi shambani British East Africa, ndiyo Kenya hii, na kwenye kile cha 1920 wanajeshi wa Kijerumani wanatokea upande wa Tanganyika wanavamia shamba. Kwa hiyo kwa makaratasi Jane ni jirani yetu. Burroughs mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika na inaonekana, maana ile hadithi ya kwanza ilipotoka kwenye gazeti 1912 alitia chui milia humo msituni, wasomaji wakamshukia, kitabu kilipotoka 1914 yule chui milia akawa simba jike. Kwa hiyo Jane wa kwenye komiki ukimuona anaongea na msitu ambao haueleweki uko wapi usishangae, ndo asili yake.

---

mtu_wa_pwani
Simbamarara Kenya 😂 labda alikuja kwa meli

---

salumu_pdf
Upande wa kuipata: duka la Kindle ipo, zamani ilikuwa Comixology ila Amazon walishaziunganisha. Usinunue toleo moja moja, itakutoka hela nyingi, tafuta buku la pamoja. Dynamite pia huwa wanatoka kwenye vifurushi vya Humble Bundle, unalipa kidogo unapata faili nyingi za kuhifadhi kabisa, vizia hapo. Ila mafaili mazito, shusha ukiwa kwenye waifai, bando la siku halitoboi.

---

dada_paneli
Shukrani wote. Nimeshusha toleo la 1 na ya Sonja na Jungle Girl, wikiendi hii. @wino_na_brashi umenitamanisha hiyo Miss Fury ya zamani ya Tarpé Mills, inapatikana au imepotelea magazetini?

---

wino_na_brashi
Ipo. Trina Robbins huyohuyo wa vazi la Vampirella ndo aliyehariri, kampuni ya IDW wakachapa majuzuu mawili makubwa ya zile kurasa za Jumapili. Angalia tu usichanganye, la kwanza kutoka ni la 2011 lakini limeanzia katikati, 1944 mpaka 1949. La 2013 ndo lina mwanzo wenyewe, 1941 mpaka 1944, na humo ndo anaipata ile ngozi ya chui. Anza na la 2013.